Umefika makazini na hujui mtu: namna ya kupata kanisa litakalokupokea

Wiki za kwanza baada ya kutoka kituo cha mapokezi ndizo huwa ngumu zaidi, na wengi hawakutarajia hivyo. Pale Kabazana au Kagoma ulikuwa na watu pande zote. Mlipanga foleni pamoja, mlikula chakula cha sufuria moja, na usiku mlisikia watoto wa wenzenu wakikohoa upande wa pili wa turubai. Kisha unapewa kiwanja, miti michache, turubai, blanketi, dumu la maji na jembe. Gari linakushusha na kuondoka. Jua linazama ukiwa umekaa juu ya mzigo wako, katika kijiji ambacho hujui hata jina la jirani.

Makala hii ni kwa ajili yako uliyefika karibuni Nakivale, Kyangwali, Kyaka II au Rwamwanja ukitokea Kivu, Ituri au Burundi, na ambaye kule nyumbani ulikuwa mtu wa kanisa. Hatuandiki ili kumvuta mtu kwenye dini fulani. Msaada wa kibinadamu hautolewi kwa kuangalia mtu anasali wapi, na asiyesali ana haki ile ile ya kuandikishwa, kutibiwa na kupata mgao. Lakini kila anayefanya kazi katika makazi haya anaona jambo moja: ofisi zinapofungwa saa kumi na moja jioni, watu wanaobaki kukutazama ni majirani, na majirani hao mara nyingi wanakutana kanisani.

Jambo hili lina uzito zaidi sasa kuliko miaka iliyopita, kwa sababu mgao umepungua sana. Julai 2023 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) liligawa kaya za wakimbizi nchini Uganda katika makundi matatu: kundi la kwanza lilipangiwa asilimia 60 ya mgao kamili, la pili asilimia 30, na la tatu halikupangiwa chochote. Mwaka 2025 fedha za wahisani zilipungua tena, na watu wapatao milioni moja wakaondolewa kwenye mgao. Ukiona shemasi anakuletea vikombe viwili vya unga, ujue kwamba huenda naye hakupokea kitu mwezi huu.

Usitafute bango, sikiliza wimbo

Mtu aliyetoka Bukavu, Uvira au Goma amezoea kulitambua kanisa lake kwa namba. Unasema 3 CBCA, 5 CELPA, 8 CEPAC, na kila mtu anaelewa. Namba hizo zilitokana na Kanisa la Kristo katika Congo (ECC), ambalo linaunganisha jumuiya za Kiprotestanti za nchi ile. Ukivuka Bunagana, namba hizo hazina nafasi rasmi. Kanisa lako linaweza kuwapo hapa likitumia jina jingine, au waamini wake wamejiunga na kanisa lililokuwapo, au wameanzisha jipya pamoja na Warundi na Wanyarwanda. Kwa hiyo kuuliza jina peke yake kutakupoteza. Uliza lugha ya ibada: Kiswahili, Kinyarwanda, Kirundi, Kibembe, Kifaransa. Jumapili asubuhi tembea polepole na usikilize nyimbo. Utajua.

Kama wewe ni Mkatoliki, muulize mtu akuonyeshe katekista kabla ya kumtafuta padri. Padri huzunguka vigango vingi, na kuna Jumapili ambazo ibada inaongozwa na katekista bila misa. Katekista ndiye anayejua nyumba kwa nyumba, naye atakupeleka kwenye jumuiya ndogo ya eneo lako, ile ambayo watu wa Kivu wanaiita shirika. Huko ndiko utakakojulikana kwa jina. Waadventista watakutana Jumamosi, Waanglikana wako chini ya Kanisa la Uganda, na makanisa ya Kipentekoste yamejaa karibu kila kijiji, mengine chini ya mti tu.

Watu wa kuuliza ni mwenyekiti wa baraza la wakimbizi la kijiji (RWC), mhudumu wa afya wa kijiji (VHT), au akina mama pale kisimani. Hao wa mwisho ndio wenye habari za uhakika kuliko wote.

Hofu moja wanayoibeba wengi ni karatasi. Kule nyumbani mtu akihama parokia au usharika hupewa barua ya kumtambulisha. Wewe ulikimbia usiku, barua ungeipata wapi? Usikae nyumbani kwa sababu hiyo. Kanisa linaloelewa lilipo litapokea neno lako, na likitaka uhakika litatafuta mtu mwingine kutoka kwenu. Kwa ubatizo, sheria ya Kanisa Katoliki yenyewe imeweka njia: pale ambapo hakuna mgongano, ushuhuda wa mtu mmoja wa kuaminika unatosha kuthibitisha, au kiapo chako mwenyewe kama ulibatizwa ukiwa mtu mzima. Kwa hiyo cheti kilichoungua Sake au Fizi hakikuondoi katika orodha.

Ndoa ni jambo gumu zaidi, na hatutakudanganya. Mama ambaye mume wake hajulikani kama yu hai hawezi kuambiwa na kanisa, wala na ofisi, kwamba sasa ni mjane. Zungumza na mchungaji au padri faraghani, na wakati huo huo nenda kwa watu wa Msalaba Mwekundu ufungue maombi ya kumtafuta. Huduma hiyo ni ya bure, nao hawatampa mtu mwingine habari zako bila ruhusa yako.

Kanisa linafanya nini hasa

Ukimuuliza mchungaji, atakuambia kuhusu ibada, mafungo na mkesha. Ukimuuliza aliyefika miaka mitatu iliyopita, atakuambia kuhusu nyumba. Vijana wa kanisa walikuja Jumamosi wakachimba mashimo ya nguzo, akina mama wakakanyaga udongo, na jioni ukuta wa upande mmoja ulikuwa umesimama. Kwa mzee anayeishi peke yake, au mama aliyefika na watoto watano bila mtu mzima mwingine, siku moja kama hiyo ni tofauti ya kulala chini ya turubai wiki mbili au miezi sita.

Kuna mengine ambayo hayatangazwi. Mtu wa kukushikia nafasi kwenye foleni ya maji ukiwa mgonjwa. Mtu anayejua Kirunyankole wa kukusindikiza kituo cha afya, ili daktari asikisie maumivu yako. Jirani wa kubaki na watoto siku unayoitwa kwenye mahojiano. Habari za kuaminika pia hupita hapo: siku ya uhakiki, mabadiliko ya mahali pa kugawia, chanjo ya watoto. Sisi wenyewe, tukitaka tangazo lifike vijiji vya mbali, hupeleka nakala kwa makanisa na msikiti kabla ya kubandika kwenye mbao, maana mbao nyingi hazisomwi.

Tazama pia namna wanavyotoa. Mashirika hugawa hadharani, kwa orodha na kidole gumba kwenye wino au mashine, kwa sababu kila kilo lazima ihesabiwe. Mama wa kanisa anakuja jioni, kifuko kikiwa chini ya kitenge, anaketi, anauliza habari za mtoto, na anapoondoka unakuta maharage yamebaki mlangoni. Hakuna aliyekuona ukipokea. Kwa mtu ambaye miezi michache iliyopita alikuwa na ng'ombe, au duka pale Kadutu, hilo lina thamani kuliko maharage yenyewe.

Halafu kuna kufiwa. Hofu ambayo watu huitaja kwa sauti ya chini ni kufa ugenini na kukosa watu wa kukuzika. Kanisa hapa ndilo linalochukua nafasi ya ukoo. Watachanga sanda na mbao, watachimba kaburi, watakaa matanga, wataimba usiku ili nyumba isiwe kimya. Ukiwa mgeni na msiba ukakukuta kabla hujajiunga popote, mwombe jirani yeyote akaliambie kanisa lililo karibu. Ni nadra sana kukataliwa. Makanisa yanayoshindana kwa maspika Jumapili huonekana yakibeba jeneza moja Jumatatu.

Vikundi vya kuweka na kukopa navyo mara nyingi huanzia kwenye mabenchi hayo, maana watu huweka fedha na wale wanaowafahamu. Anayejua likelemba kutoka Congo hatapata shida kuelewa. Omba kuona daftari kabla ya kutoa shilingi ya kwanza, hata kama mweka hazina ni mzee wa kanisa. Mweka hazina mwema hatakasirika.

Nawe unacho cha kutoa

Kupokea kila siku kunachosha roho. Kanisa lina faida moja ambayo kituo cha kugawia hakina: litakuuliza unajua kufanya nini. Kama unashona, sare za kwaya zinahitaji mshonaji. Kama unajua gitaa, kuna vijana sita wanaogombania gitaa moja lenye nyuzi nne. Kama ulikuwa mwalimu, watoto wa shule ya Jumapili wanahitaji mtu wa kuwasomea. Fundi wa baiskeli, mkunga wa jadi, mtu anayejua kuandika barua vizuri kwa Kifaransa, wote wana nafasi.

Kwa kijana aliyefika peke yake, kwaya ni dawa nzuri kuliko anavyodhani. Sababu si muziki tu. Kwaya ina mazoezi siku maalumu, ina sauti ambayo inapungua usipofika, na ina kiongozi anayekasirika ukichelewa. Ukikosa Alhamisi, mtu atakuja Ijumaa kuuliza una nini. Katika mahali penye maelfu ya watu ambao hawajui kama upo au haupo, kuna usalama mkubwa katika kutafutwa.

Wenye kukupokea pia si watu wasiojua njia uliyopita. Nakivale imepokea wakimbizi tangu mwisho wa miaka ya 1950, ikianza na Wanyarwanda, na kila kizazi kimemkuta mwenzake. Mzee wa kanisa anayekutengea nafasi kwenye benchi yawezekana alishushwa na gari kama lile lile mwaka 1994 au 2012. Biblia anayohubiri nayo imejaa wakimbizi: Rutu Mmoabi akiokota masazo katika shamba la watu, na Yusufu na Mariamu wakimkimbiza mtoto Misri usiku. Waulize wazee walivyoishi mwaka wao wa kwanza. Wengi hufurahi kuulizwa, na utapata maarifa ya udongo, mbegu na mvua za Isingiro ambayo hayako kwenye kipeperushi chochote.

Maombi na dawa

Hapa tunaomba usome kwa makini.

Kukosa usingizi, kushtuka kwa kila kelele, mawazo mengi yasiyokatika, kumkasirikia mtoto bila sababu: haya huwapata watu waliopita vitani. Si dalili ya imani ndogo wala si pepo. Watu wengi hupata nafuu kwa kuwa na wenzao, kuimba, kulia mahali salama na kuombewa. Wengine wanahitaji zaidi, na kwa hao kuna washauri wa kisaikolojia katika vituo vya afya vya makazi. Mchungaji mzuri anajua wakati wa kukusindikiza huko. Kama umeanza kufikiri kwamba ni heri kufa, usingoje Jumapili; mwambie VHT leo.

Usiache dawa kwa sababu umeombewa. Anayetumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI, za kifua kikuu, za kifafa, za kisukari au za shinikizo la damu aendelee nazo mpaka mhudumu wa afya amwambie vingine. Ukiacha, virusi vya UKIMWI na vijidudu vya kifua kikuu hupata nafasi ya kuwa sugu, na dawa zile zile zinaweza zisikusaidie tena. Kufunga kula nako kuna mipaka: mjamzito, anayenyonyesha, mgonjwa na mtoto hawapaswi kufunga, na mtu anayekula mara moja kwa siku kwa sababu hana chakula tayari anafunga.

Kama umebakwa, njiani au hapa makazini, saa zina maana. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72, na mapema iwezekanavyo. Dawa za kuzuia mimba ndani ya saa 120. Nenda kituo cha afya kwanza, hata kabla ya kwenda polisi, na hata kama muda huo umepita bado nenda, kuna matibabu mengine. Kama wa kwanza kumwambia ni mama wa kanisa, kazi yake ni kukusikiliza, kukusindikiza ukikubali, na kunyamaza. Hana ruhusa ya kulipeleka jambo lako kwenye kikao cha wazee wala kukuomba usimame kutoa ushuhuda. Na wewe uliyeaminiwa siri kama hiyo, usiiombee kwa kutaja jina, hata katika kikundi cha watu watatu.

Mahali pa kusema hapana

Makanisa mengi ni mema. Lakini penye njaa na matumaini ya kwenda Kanada au Marekani, hujitokeza pia watu wa kuuza matumaini hayo.

Hakuna mchungaji, nabii wala mzee wa kanisa anayeweza kuharakisha kesi yako ya kuhamishiwa nchi ya tatu. UNHCR ndiyo inayochagua kesi za kupeleka, nchi zinazopokea ndizo zinazoamua, na hatua zote hizo ni za bure. Anayetaka sadaka ya mbegu ili jina lako litoke, anayetaka nakala ya karatasi ya familia yako akaiombee, au anayesema ana mtu wake ofisini, anakuibia. Vivyo hivyo hakuna mwenye haki ya kukudai fungu la kumi la mgao wako, kukushikia kadi, au kukutaka kimapenzi ili upate kitu. Ripoti kwa laini ya bure ya malalamiko, 0800 323232, au mwambie mfanyakazi wa ulinzi. Jambo likimhusu mtoto, piga 116, laini ya Sauti, nayo ni ya bure. Hutapoteza mgao kwa kulalamika.

Kuna jambo jingine lenye kuhitaji busara. Mwanzoni ni kawaida kutafuta kanisa la watu wa kwenu, wanaoongea lugha yako na kupika sombe kama mama yako. Hakuna ubaya. Mapema mwaka 2018, maelfu kwa maelfu ya watu wa Ituri walipovuka Ziwa Albert kwa mitumbwi na kuletwa Kyangwali, wengi wao walianza hivyo, wakijibanza na waliovuka nao. Ila watu wa pande zote za ugomvi hukimbilia makazi yale yale. Mtu unayemwogopa anaweza kuwa anachota maji kisima kimoja nawe, naye anakuogopa wewe. Kanisa ambalo mahubiri yake yanataja kabila fulani kama adui litakurudisha ulikotoka bila kupanda gari. Tafuta lile ambalo kwaya yake ina majina ya pande mbili. Yapo, na waulizie majirani. Huwa yanajulikana, wakati mwingine kwa sababu yamesemwa vibaya.

Usiwasahau Waganda wa jirani. Makanisa yao yako kandokando ya makazi, nao wana mashamba, masoko na shule ambazo utahitaji. Anayesali nao hupata kibarua cha shamba mapema, na hujifunza lugha bila ada.

Jumapili ya kwanza

Vaa ulichonacho. Wengi walifika na nguo moja, na hakuna wa kukucheka. Kama yupo wa kukucheka, umeshajua kwamba kanisa lako ni jingine. Fika mapema kidogo, kwa sababu kabla ya ibada ndipo watu husalimiana. Karibu kila kanisa lina wakati wa kuwasimamisha wageni. Ukisimama, taja jina lako na kijiji unachokaa sasa, basi. Hulazimiki kueleza ulitoka wapi, ulimpoteza nani, wala uliona nini. Sadaka si ya lazima. Mwishoni usikimbie, subiri mlangoni, muulize shemasi siku ya mkutano wa nyumbani wa eneo lako.

Usiposikia amani, wiki ijayo jaribu pengine. Wengine huzunguka makanisa matatu au manne kabla ya kutulia.

Na kama wewe au mtu wa nyumbani kwako hawezi kutembea, kwa uzee, ulemavu au ugonjwa, mwambie VHT au jirani akapeleke jina lenu. Makanisa mengi yana kikundi cha kutembelea nyumba katikati ya wiki, na wanaweza kuleta ibada uani kwako. Watakuja na mabenchi yao. Wewe waandalie kivuli.